Siri Zilivuja, Mlango Haukuvunjwa

Aliyekwapuliwa simu pale Kariakoo hujua ndani ya dakika moja. Anapapasa mfuko, mfuko mtupu, anapiga yowe, watu wanageuka. Aliyechukuliwa siri zake ndani ya kompyuta hana mfuko wa kupapasa. Siri iko palepale alipoiweka, ila sasa na mwingine anayo. Huo ndio ugumu wa udhaifu ambao watu wa usalama wa mitandao huuita uvujaji wa taarifa. Programu haizimiki, faili halifutwi, hakuna maandishi mekundu kwenye kioo yanayodai fidia. Mashine imejibu swali ambalo haikupaswa kulijibu, kisha ikaendelea na kazi zake.

Vyombo vya habari hupenda virusi vinavyofunga mafaili, kwa sababu vina kelele na picha. Kwangu mimi uvujaji wa kimya unatisha zaidi, na naamini taasisi zetu, pamoja na sheria tulizozitunga miaka ya karibuni, zimejipanga kumsubiri mwizi mwenye kelele. Kesi inayolionyesha hilo vizuri imepita siku nyingi kidogo, lakini sijaona iliyoizidi: Heartbleed, ya Aprili 2014.

Ukifungua tovuti ya benki ukaona alama ya kufuli juu ya kivinjari, maana yake mazungumzo kati ya simu yako na seva ya benki yamefumbwa kwa hesabu ili mpita njia asiweze kuyasoma. Kila benki haikai chini kuandika hesabu hizo upya. Wengi huchukua programu iliyokwisha kuandikwa, na kwa sehemu kubwa ya intaneti programu hiyo ni OpenSSL. Inatolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote mwenye hamu ya kuusoma. Seva za Apache na nginx, ambazo wakati ule zilibeba zaidi ya nusu ya tovuti za dunia, kwa kawaida ziliitegemea hiyohiyo.

Sasa, mazungumzo ya namna hii yakinyamaza kwa muda, upande mmoja unaweza kudhani mwenzake ameshaondoka. Ikabuniwa njia ya kubisha hodi. Simu inasema: nakutumia neno "ndizi", lina herufi 5, nirudishie. Seva inaliweka neno hilo kwenye kumbukumbu yake ya muda, inanakili herufi 5 kuanzia pale neno lilipoanza, inazirudisha. Ndizi. Simu inaridhika kwamba mwenzake bado yupo.

Anakuja mtu mwingine. Naye anatuma "ndizi", lakini anaandika kwamba neno hilo lina herufi 65,000. Seva haihesabu. Inaanza kwenye n, inapita d, i, z, i, halafu inaendelea kunakili chochote kilicholala jirani kwenye kumbukumbu mpaka itimize idadi iliyoambiwa, karibu kilobaiti 64, kisha inamkabidhi muulizaji fungu zima. Na jirani wa ndizi ni nani? Inategemea bahati ya wakati huo. Yaweza kuwa nywila ya mtu aliyeingia kwenye akaunti yake dakika moja iliyopita, yaweza kuwa kipande cha barua pepe, yaweza kuwa takataka tupu. Asipopata kitu cha maana anabisha hodi tena, mara elfu, mara laki, na seva haichoki kumjibu. Haihitaji awe na akaunti. Haimuulizi jina.

Kilichokosekana ni sharti moja tu: urefu uliotajwa ukizidi urefu wa kilicholetwa, tupa ombi na unyamaze. Toleo la 1.0.1g la OpenSSL, lililotoka tarehe 7 Aprili 2014, liliongeza ukaguzi huo kwa mistari michache ya msimbo. Mistari hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa zaidi ya miaka miwili. Kasoro yenyewe iliingizwa tarehe 31 Desemba 2011, yapata saa tano usiku kwa saa za Uingereza, wakati watu wengine wanaukaribisha mwaka, na ikawafikia watumiaji katika toleo la 1.0.1 tarehe 14 Machi 2012. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Ujerumani, akijitolea. Mwenzake aliyeukagua msimbo huo naye hakuiona. Jina la kijana yule limeandikwa magazetini mara nyingi mno, sioni sababu ya kuliandika tena hapa. Alisema waziwazi kwamba alisahau kukagua urefu. Kila aliyewahi kuandika programu anajua kusahau kwa namna hiyo, na anayesema hajawahi, bado hajakaguliwa.

Waliogundua ni pande mbili kwa wakati mmoja, kila upande bila kujua wa mwenzake: Neel Mehta wa Google, na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini. Netcraft, kampuni inayohesabu seva za dunia, ilikadiria kwamba asilimia 17 hivi ya seva za tovuti zenye kufuli, takriban nusu milioni, zilikuwa wazi. Mtaalamu wa usalama Bruce Schneier alipima ukubwa wa janga, na kwenye kipimo cha 1 hadi 10 akalipa 11.

Siku za mwanzo kulikuwa na ubishi mmoja ambao ndio uliobeba uzito wote. Nywila zinavuja, sawa, watu walionyesha za watumiaji wa Yahoo zikichomoza hadharani. Je, ufunguo wa siri wa seva yenyewe nao unaweza kuvuja? Ufunguo huo ndio roho ya kufuli. Aliyeupata anaweza kujifanya ni benki, na mawasiliano mengine aliyoyarekodi miezi iliyopita anaweza kuyafumbua akiwa amekaa nyumbani. Kampuni ya Cloudflare ilijaribu kwenye mashine zake, haikufanikiwa, ikadhani huenda haiwezekani au ni vigumu sana. Tarehe 11 Aprili ikaweka seva moja mtandaoni kwa makusudi, ikawaambia walimwengu: chukueni ufunguo kama mnaweza. Ulichukuliwa siku hiyohiyo. Fedor Indutny, mtaalamu wa programu, alituma maombi yapatayo milioni 2.5. Ilkka Mattila wa kituo cha usalama wa mtandao cha Ufini alihitaji kama 100,000 tu. Nawasifu Cloudflare kwa hilo. Kampuni nyingi zingechapisha taarifa ya kutuliza wateja kisha zikaenda kulala.

Kuanzia hapo kazi ya kusafisha ikawa na mpangilio wake, na mpangilio huo wengi waliuvuruga. Kwanza unaziba tundu, halafu unatengeneza ufunguo mpya, unafuta cheti cha zamani, na mwisho kabisa unawaambia wateja wabadilishe nywila. Anayeanza na nywila kabla ya kuziba tundu amemkabidhi mwizi nywila mpya. Maelfu ya tovuti zilifanya jambo la ajabu zaidi: zilichukua cheti kipya lakini juu ya ufunguo uleule wa zamani. Tarehe ya cheti ilisomeka mpya, fundi akaandika kwenye ripoti kwamba kazi imekamilika.

Ni nani aliyeibiwa, basi? Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mamlaka ya mapato ya Kanada ilifunga huduma zake za mtandaoni katikati ya msimu wa kujaza fomu za kodi, ikasogeza mbele siku ya mwisho, kisha ikatangaza kwamba nambari za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilichukuliwa katika muda wa saa sita. Kijana wa miaka 19 akakamatwa. Hiyo ni kesi iliyojulikana. Ukiziweka kando chache za namna hiyo, dunia nzima haijui. Kubisha hodi kwa hila hakukuacha alama kwenye kumbukumbu za kawaida ambazo seva hujiandikia. Waliokuwa wakirekodi mawasiliano yenyewe, kila pakiti inayoingia na kutoka, ndio pekee walioweza kurudi nyuma na kutazama, na kuhifadhi kiasi hicho cha data ni gharama ambayo ofisi nyingi hazijawahi hata kuifikiria. Shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba idara ya ujasusi ya Marekani, NSA, iliijua kasoro hii kwa miaka miwili na ikaitumia. NSA ikakanusha. Raia hana njia ya kujua nani mkweli, kwa kuwa hakuna pengo kwenye rafu la kulinyooshea kidole.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo wahubiri wa "sasisha kila kitu mara moja" hawalipendi. Waliokuwa bado wanatumia matoleo ya zamani, 0.9.8 na 1.0.0, hawakuguswa kabisa. Kasoro iliingia na toleo jipya. Na waliolikimbilia toleo hilo jipya walikuwa waangalifu, watu waliotaka ufumbaji wa kisasa zaidi uliokuja nalo. Fundi mvivu aliamka tarehe 8 Aprili akiwa salama, fundi mwenye bidii akaamkia jasho. Nawafahamu watu waliokichukua kisa hicho kama kibali cha kutogusa mashine zao milele.

Kicheko chao hakikufika mbali. Tarehe 5 Juni 2014, miezi miwili baadaye, ilitangazwa kasoro nyingine ndani ya OpenSSL hiyohiyo, iliyogunduliwa na Masashi Kikuchi wa Japani. Hiyo ilikuwamo tangu toleo la kwanza kabisa la mwaka 1998. Miaka 16 ilikaa machoni pa watu, na matoleo yale makongwe yaliyopona Heartbleed yalikuwa nayo tumboni. Matoleo ya 0.9.8 na 1.0.0 yaliacha kutunzwa mwisho wa 2015, na 1.0.1 mwisho wa 2016. Baada ya hapo kila tundu litakaloonekana litabaki tundu, ila kwa anayemlipa mtu wa kumzibia. Kwa hiyo upya haukuwa kinga, na ukongwe nao haukuwa kinga. Waliosalimika kwa haki, bila bahati, ni wale waliojua ni toleo gani linakimbia ndani ya kila mashine yao na walikuwa na mtu wa kuamka usiku ule.

Mtu huyo hulipwa na nani? Steve Marquess, aliyeshughulikia fedha za mradi wa OpenSSL, alieleza hadharani wiki ileile kwamba michango waliyokuwa wakipokea kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Mfanyakazi wa kudumu alikuwa mmoja. Programu iliyolinda fedha za mabenki, barua za watu na siri za serikali ilitunzwa kwa pesa isiyotosha kununua pikipiki mbili. Baada ya habari kuenea, watu wa kawaida wakatuma walichokuwa nacho mkononi, dola 5, dola 10, jumla kama dola 9,000 kwa siku chache. Makampuni makubwa yalizinduka baadaye kidogo. Mwishoni mwa Aprili hiyo taasisi ya Linux Foundation ilitangaza mfuko wa kusaidia programu za aina hii, ambapo kampuni kama Google, Amazon, Microsoft, Facebook na IBM ziliahidi dola 100,000 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Kwa kampuni hizo, hiyo ni bajeti ya vitafunwa. Lakini ilitosha kuajiri watu na kuufanyia msimbo ukaguzi uliokuwa haujawahi kufanyika, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa rahisi kulifanya mapema.

Nimesema sana habari za Ufini na Kanada. Huku kwetu?

Mlango mmoja ulikuwa mfukoni mwetu. Google ilipotangaza hali ya simu zake, ilisema Android iko salama isipokuwa toleo la 4.1.1. Toleo hilo lilitoka 2012 na lilikuwa kwenye mamilioni ya simu. Kwa simu, hila hugeuzwa: seva mbovu ndiyo inayobisha hodi na simu ndiyo inayomwaga kilichomo kwenye kumbukumbu yake. Google iliwapa watengenezaji marekebisho, lakini kama marekebisho hayo yangemfikia mwenye simu ilitegemea aliyeitengeneza na aliyeiuza. Na simu zetu huishi maisha marefu. Hutoka kwa mwenyewe ikaenda kwa mdogo wake, kutoka kwa mdogo ikaenda kwa shangazi kijijini, ikapasuka kioo, ikauzwa kwa fundi, fundi akaifufua akaiuza tena. Katika safari yote hiyo hakuna anayeuliza toleo. Anayeuliza huuliza betri.

Kwenye ofisi mambo yana sura nyingine. Ingia ofisi yoyote iliyowahi kupata mradi, angalia ubavuni mwa kompyuta. Utakuta stika: nembo ya mfadhili, jina la mradi, mwaka, na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mradi uliisha zamani. Aliyeufunga mfumo alikuwa na mkataba wa miezi kadhaa, ameshahamia kwingine, na nywila ya msimamizi iko kwenye kipande cha karatasi ndani ya droo au kichwani mwake. Sherehe ya uzinduzi ilikuwa na bajeti, fulana zilikuwa na bajeti, na kifungu cha kuutunza mfumo katika mwaka wa tatu, wa nne, wa saba, hakikuwahi kuandikwa na mtu. Kwa sadfa, Windows XP ilikatiwa matunzo tarehe 8 Aprili 2014, siku moja baada ya Heartbleed kutangazwa, na miaka mingi baadaye bado ungeweza kuiona ile picha yake ya kilima cha kijani ikikutazama kutoka dirisha la kulipia. Sina ugomvi na mashine kuukuu, tuna sababu zetu za kuzitunza. Ugomvi wangu ni na mashine kuukuu isiyo na mwenyewe, inayobeba majina yetu, namba zetu za vitambulisho na historia zetu za hospitali.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ya Kenya inamtaka mtunza data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipojua kwamba data imeingiliwa. Kifungu kizuri. Lakini saa hizo 72 huanza kuhesabiwa mtu anapojua, na uvujaji wa aina hii una tabia ya kutomjulisha mtu. Kwa tundu kama lile, saa ya sheria haianzi hata kupiga. Mwenye ofisi anaweza kuapa, tena kwa ukweli wa moyo wake, kwamba hana taarifa ya wizi wowote, na rekodi yake ikasomeka safi kuliko ya jirani yake aliyewekeza kwenye ulinzi, akagundua wizi, akautangaza. Tukiendelea kupima usalama kwa idadi ya matukio yaliyoripotiwa, tutakuwa tunampa zawadi asiyeangalia.

Kwa haki, sheria zote mbili zinamtaka anayetunza taarifa za watu aweke ulinzi unaofaa hata kabla ya tukio. Hapo ndipo ningependa wasimamizi wetu waweke nguvu. Waende maofisini kabla ya wizi, wadai orodha ya programu zilizomo kwenye kila seva inayobeba taarifa za raia, toleo lake, na tarehe toleo hilo linapoacha kutunzwa. Orodha ya namna hiyo ni kazi ya wiki chache kwa fundi mmoja makini. Asiye nayo hawezi kutuambia kwamba taarifa zetu ziko salama, kwa kuwa hajui ziko ndani ya nini. Na mzabuni anayeuza mfumo kwa serikali asilipwe malipo ya mwisho mpaka aikabidhi, pamoja na jina la atakayeshika matunzo na fungu la fedha lililokwisha kutengwa.

Nitaambiwa hatuna fedha. Kanada ilikuwa nazo, na makampuni ya Marekani yalikuwa nazo zaidi ya kiasi, wakaumbuliwa na sharti moja lililosahaulika. Fedha iliyokosekana pale ilikuwa ndogo, na ilikosekana kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine ndiye anayetoa. Huku kwetu gharama kubwa ya kununua mfumo hupatikana kila mara waziri anapotaka kukata utepe. Anayebisha kwamba matunzo ni ghali kuliko manunuzi alete hesabu tuione.

Januari 2017, karibu miaka mitatu baada ya marekebisho kutolewa bure, mtambo wa Shodan unaotafuta mashine zilizounganishwa kwenye intaneti ulizikuta karibu 200,000 bado ziko wazi kwa Heartbleed. Kuziziba kulihitaji mtu mmoja akae mbele ya kila mashine kwa muda mfupi. Wenye mashine hizo hawakuwa wabishi. Wengi wao, nina hakika, hawakujua kama wanazo.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye bodi ya hospitali, ya chuo, ya SACCOS au ya halmashauri: kikao kijacho, kabla ya mengineyo, mwombe mkuu wa TEHAMA awasomee matoleo ya programu zinazobeba taarifa za wateja wenu na tarehe zilipoguswa mara ya mwisho. Akijibu kwamba aliyeufunga mfumo alishaacha kazi, msiahirishe ajenda hiyo.